Doa Nililolikata kwenye Kikundi cha Viraka

Mtanisikia nikiburuta maneno kidogo. Mnivumilie. Upande huu wa mdomo ulichelewa kupona kuliko ule mwingine, na mpaka leo haupendi kuharakishwa. Mwenyekiti wetu ameniambia nina nusu saa na nisitukane mtu. Nusu saa inanitosha. Hilo la pili nitajaribu.

Nashukuru kanisa hili kwa kutupatia ukumbi na chai, sisi tuliopigwa na kiharusi na wanaotutunza. Nimewaona mkiingia. Wengine mmeshikwa mkono, mzee mmoja amesukumwa na binti yake kutoka kule kwa lami mpaka hapa mlangoni, na gurudumu moja linapiga kelele. Nawajua nyinyi. Najua yule ambaye mtu akija kumsalimia anauficha mkono chini ya meza. Usiangalie kando, si wewe peke yako. Sitataja jina la mtu yeyote, kwa sababu Embu ni mji mdogo na wengine nitakaowasema tutakutana nao sokoni Jumamosi.

Mimi ni mzaliwa wa Kanyakine, huko Imenti Kusini, lakini nimeishi hapa Majimbo zaidi ya miaka ishirini. Nilikuwa fundi wa nguo. Si fundi wa kufupisha suruali barazani. Fundi wa suti. Mawakili walivaa kazi yangu, walimu wakuu walivaa kazi yangu, na mheshimiwa mmoja alizikwa nayo. Nilikuwa na sifa moja ambayo watu walikuja kuishuhudia: kitambaa nikishakishika mara moja sikisahau. Ungekuja baada ya miaka kumi nikakuambia koti la harusi yako lilikuwa la rangi gani, lilikuwa na vifungo vingapi na bitana lake lilitoka wapi. Jina lako ningelisahau. Uso wako pia. Koti, hapana.

Watu wakimzungumzia mtu wa aina yangu husema, "Alikuwa mkali lakini alijua kazi." Ndugu zangu, nawaambia, sikuwa mkali. Mkali ni mtu anayekugombeza ili ujue. Mimi nilikuwa mkatili, na niliufurahia ukatili wangu. Nilikuwa na wanafunzi, wale wanaokuja kujifunza ushonaji, na nilikuwa na rula ya mbao ngumu. Ukishona shono limepinda, unaweka vidole mezani mwenyewe. Sikukushika. Ulitakiwa uviweke mwenyewe. Na kama umeharibu kitambaa cha mteja, hiyo ilikuwa na adhabu yake: nilikibandika mgongoni mwako kwa pini, nikakutuma sokoni kuninunulia uzi, upite mbele ya maduka yote. Wenzako nao walitoka nje kutazama. Asiyecheka nilimwuliza kama anataka kukusindikiza. Basi wote walicheka.

Naona mama mmoja pale anatikisa kichwa. Tikisa tu, mama. Bado hatujafika.

Siku niliyopigwa na kiharusi nilikuwa nampima mteja kiuno. Futi ilikuwa mkononi, nikaona namba zinaogelea, halafu mkono ukaiachilia. Nikaanguka palepale miguuni pake. Nilimsikia akiita watu, hakuniacha. Lakini kabla hawajaninyanyua nilimsikia pia akisema, "Na ile suti yangu ya harusi, sasa nani atamaliza?" Nilikuwa sakafuni na mdomo umeenda upande, na nikafikiri: huyu anaongea kama mimi.

Mkono wa kulia ulikufa. Mguu ulirudi nusu, mdomo mnavyousikia. Mkono ulining'inia tu hapa kama mkono wa shati lililoanikwa. Wanafunzi wangu hakuna aliyekuja hospitalini hata mmoja. Niliwalaumu sana. Nililala pale nikiwahesabu wasio na shukrani.

Mke wangu ni karani katika ofisi moja hapa mjini na asingeweza kuacha kazi anilishe. Kwa hivyo tukakubaliana nipelekwe Kanyakine kwa mdogo wangu, nikae mpaka nipate nguvu. Mdogo wangu naye alikuwa na shida ya tumbili. Wanatoka kule mtoni, wanamaliza mahindi. Siku ya tatu tu akanibeba na kiti, akaniweka katikati ya shamba, akanifunga na leso kiunoni nisianguke, akanipa debe tupu na kijiti katika mkono wa kushoto. Akasema, "Kaka, si huu unafanya kazi? Basi piga." Nikapiga. Sikuwa na maneno ya kumjibu, yalikuwa bado hayajarudi. Watoto wa jirani walikuwa wakipita wakitoka shule, wanasimama kwenye njia, wanapinda midomo yao na kuning'iniza mkono mmoja, wananiiga. Walikuwa wazuri, lazima niseme. Tumbili wenyewe walinizoea. Kufikia wiki ya pili walikuwa wanakula mahindi mita tano kutoka kwangu huku wananitazama.

Jumapili moja mke wangu alikuja na kunikuta shambani nimenyeshewa, debe miguuni. Hakumgombeza mtu. Aliifungua ile leso, akanifuta uso nayo, akatafuta gari la kutuleta Embu. Na mimi, maneno ya kwanza kamili niliyoweza kuyasema tangu niugue nilimwambia yeye, tukiwa njiani: "Umechelewa, mjinga wewe." Hayo ndiyo maneno Mungu alinirudishia na hivyo ndivyo nilivyoyatumia.

Miezi ikaenda. Dada wa mazoezi pale hospitalini alikuwa ananipa mpira niukamue. Nilikuwa nautazama tu. Siku moja akamwambia mke wangu mbele yangu, kana kwamba mimi ni mzigo uliokuja kwa jina lake, "Huyu vidole vyake vinataka kazi ndogondogo. Asipovitumia sasa vitakauka hivyo. Kuna akina mama huko kwenu Majimbo wanashona blanketi za viraka kwa mkono, kila Alhamisi. Mpeleke."

Nilikataa. Mimi, fundi wa suti, nikakae na akina mama kuunganisha vitambara? Nilipiga kelele mpaka jirani akazima redio asikilize vizuri. Mke wangu aliningoja nimalize. Halafu akasema, "Alhamisi ni kikundi, ama Ijumaa ni Kanyakine. Debe lako bado liko."

Kwa hivyo mnaelewa nilienda kule nikitaka nini. Sikwenda kutafuta marafiki. Nilitaka mkono wangu, na nilitaka nisirudishwe kwa tumbili. Basi.

Walikuwa wanakutana nyuma ya nyumba ya mmoja wao, chini ya mabati yaliyoegemezwa ukutani. Akina mama tisa. Katikati walikuwa wametengeneza fremu kwa miti minne ya mukima, wamefunga pembe kwa kamba, na blanketi imetandazwa juu yake ikiwa imevutwa sawasawa. Kila mtu ana upande wake. Wanaanza ukingoni na kushona kuelekea katikati, na hakuna anayesimama kabla upande wake haujafika kwenye mstari uliochorwa na chaki. Na wana desturi yao: ukishona vibaya hakuna anayekwambia kitu. Jirani yako anachukua wembe, anafumua, na wote wanaacha kushona, wanaweka mikono mapajani, wanakungoja urudie. Niliiona ikifanyika kwa mama mmoja mzee na nikacheka peke yangu. Nilifikiri, hawa wana adabu, lakini rula ingekuwa ya haraka zaidi.

Aliyekuwa akiwaongoza alikuwa mama mrefu, mwembamba, amefunga kitambaa cha bluu kichwani na miwani imening'inia kwa uzi. Alimsalimia mke wangu kwa mikono miwili. Mimi alinitazama muda mrefu, na nilijua kwa nini, kila mtu alikuwa ananitazama hivyo siku hizo, anaanzia mdomoni anaishia mkononi.

"Karibu, mzee," akasema. "Kaa hapo. Utatuchagulia vipande kwa rangi. Usikate kitu chochote."

Mke wangu akaniacha akaenda kazini.

Basi nikakaa na kikapu cha vitambaa magotini, na hasira. Usikate kitu! Mimi! Nilichungulia kazi yao. Mishono ilikuwa ya kuhurumia, nawaambia ukweli. Nikauliza kwa sauti, na maneno yangu yalikuwa yanatoka polepole lakini yalitoka, "Nani aliwafundisha nyinyi kushona?"

Yule mama hakuinua kichwa. "Ni fundi mmoja wa hapa mjini. Hakumaliza kunifundisha."

"Inaonekana," nikasema.

Mama mmoja mnene kando yake aliacha sindano hewani, akamtazama. Yule mama akaendelea kushona.

Katika kile kikapu nilikuta kipande cha gauni la mtoto. Pamba ya manjano, nzuri, laini kwa kufuliwa, lakini katikati ya sehemu iliyobaki nzima kulikuwa na doa la utomvu wa ndizi. Mnalijua lile doa. Halitoki kwa sabuni, halitoki kwa ndimu, halitoki kwa maombi. Kitu kama hicho fundi hawezi kukiacha. Sisi jicho letu haliendi kwenye nguo, linaenda kwenye kosa. Mkasi ulikuwa mezani karibu nami. Nikauchukua kwa mkono wa kushoto, nikashikilia kitambaa kwa meno, na nikalikata lile doa. Nililikata vizuri pia. Mduara. Nikajivunia kwamba hata kwa mkono wa kushoto bado naweza kuzidi wote waliopo. Nikakiangusha kile kipande cha doa chini, na nikasogeza kiti juu yake bila kujua, nikainua ile manjano iliyobaki. Nikasema, "Sasa hii ni safi. Inaweza kuonekana kwa watu."

Hakuna aliyenieleza, na mimi sikuuliza, zile blanketi zilikuwa za nini. Mtu akifiwa, nguo za marehemu wengine huzigawa na wengine huzichoma. Hawa akina mama huziomba. Wanazikata na kushona blanketi moja, wanairudisha kwenye ile nyumba. Wanayoyaacha kwa makusudi ni yale ambayo mimi ningeyaondoa: mfuko ulioraruka, goti lililosuguliwa, doa la rangi ya shuleni. Blanketi waliyokuwa wanashona siku hiyo ilikuwa ya nyumba ya yule mama mrefu. Ilikuwa ya mtoto wake. Mtoto alikuwa amekula ndizi isiyoiva vizuri akajifuta na gauni, akachapwa kidogo kwa ajili hiyo, na kabla ya mvua kuanza alikuwa amekufa kwa homa.

Wote tisa waliacha kushona. Waliweka mikono mapajani.

Yule mama alisimama, akaja, akainama akaivuta ile duara chini ya mguu wa kiti changu. Ilikuwa na vumbi. Akaipuliza. Nilitarajia kelele. Nilijua kupambana na kelele.

"Hii uliyokata ni nini?" akauliza.

"Ni doa. Nimekusafishia."

"Umenisafishia." Akaivaa miwani yake. "Fundi, unanijua mimi?"

Nikamtazama vizuri. Nikasema hapana.

"Kitambaa cha suti. Kijivu, mistari myeupe myembamba. Cha mwalimu mkuu wa kutoka Runyenjes."

Ndugu zangu. Kitambaa nilikikumbuka papo hapo. Kilikuwa sufu tupu, kizito, na mtu aliukata mguu wa suruali vibaya, mistari ikalala badala ya kusimama. Ningeweza kuwaambia upana wa mistari. Yeye sikumkumbuka hata kidogo, na aliona usoni mwangu kwamba kitambaa nimekijua na yeye sijamjua.

Akawageukia wenzake. Hakuongea na mimi tena, aliongea na wao, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda kisimani. Aliwaambia nilivyompiga vidole mpaka kucha mbili zikatoka. Aliwaambia nilivyombandika ule mguu wa suruali mgongoni na kumtuma uzi, na pini moja ilipenya nguo ikamchoma njia nzima na akaogopa kuitoa. Aliwaambia mama yake alitoka Kiambere siku ya tatu baada ya mimi kumfukuza, na mfuko wa ndengu mgongoni, akaniita Mwalimu, akaniomba nimrudishe mtoto kazini. "Ndengu alizipokea," akasema. "Akamwambia mama yangu mtoto wako hajui hata kushona kifungo, mrudishe kwa mbuzi. Mama yangu akasema asante. Alitoka pale akisema asante."

Na hizo ndengu nilizikumbuka. Tulizila na chapati. Zilikuwa ndengu nzuri.

Nikasema nilichosema siku hizo kila nilipobanwa. Nikasema mimi ni mgonjwa.

"Naona," akasema. Aliniwekea ile manjano magotini na ile duara juu yake. "Shona. Irudishe."

"Mkono huu haufanyi kazi, mama."

"Ulinipiga na huo. Utashona na huo."

Mnaotunza wagonjwa mtasema huo ni unyama, na ni kweli. Sikuja kuwaambia ulikuwa upole. Yule mama mnene alileta sindano nene ya blanketi, akaizungushia kipande cha mpira wa tyubu upande wa tundu ili vidole vyangu vipate kitu cha kushika, akanifunga ngumi yangu juu yake kama unavyomfunga mtoto kamba ya kiatu, akarudi kwenye kiti chake. Ilikuwa kama saa nane. Mkono wa kulia unasukuma, wa kushoto unavuta, hivyo ndivyo walivyosema. Sindano ilianguka. Nikaiokota. Ikaanguka. Nilipofanikiwa kushona mshono mmoja, yule mama alikuja na wembe, akaufumua. Wale wengine wameweka mikono mapajani, wananingoja. Nikashona mwingine. Akafumua. Chai ilikuja, na mkate. Sinia ilipita mbele ya pua yangu ikaenda kwa aliye upande wangu wa pili. Mama mmoja akasema, "Na huyu?" Mwingine akajibu, "Alikula zamani," na walicheka, wote tisa kwa pamoja. Nilijua kicheko hicho. Kilikuwa changu.

Nililia. Sitawadanganya kwamba ni toba. Nililia kwa hasira, makamasi yakanitoka na sikuwa na mkono huru wa kuyafuta. Hakuna aliyeyafuta.

Sijui ilikuwa mshono wa ngapi. Sindano ilipita kitambaa ikaingia kwenye kidole gumba, hiki cha mkono wa kulia. Ilikuwa imeshaingia mara nyingi mchana huo, damu ilikuwa imenitoka na nilikuwa naiona tu, kama damu ya mtu mwingine. Mara hii nikapiga ukelele. "Uuuwi!" Kuku walikimbia. Akina mama wakacheka tena. Mimi nikabaki nimeshangaa, nautazama mkono. Ulikuwa unauma, wenyewe, kuanzia kidoleni mpaka hapa kwenye kifundo. Zaidi ya mwaka sikuwa nimesikia kitu chochote upande ule, hata maji ya moto. Nikaichukua sindano, nikajidunga tena kwa makusudi. Ikauma. Nikasema, "Inauma! Jamani, inauma!" Nilikuwa nacheka na kulia kama kichaa, na damu imeingia kwenye manjano, karibu na doa.

Nikaogopa kwa ajili ya ile damu. Nikamtazama yule mama. Alishika kile kitambaa akakiinua kwenye mwanga.

"Damu inatoka kwa maji baridi na chumvi," akasema. "Endelea."

Mke wangu aliporudi kunichukua jua lilikuwa limeshuka na nilikuwa bado kwenye kile kiti. Alimwuliza yule mama kama nimewasumbua. Yule mama akasema, "Ameshona minne." Mishono mingine yote aliifumua, akaacha minne. Akaikunja ile nguo akaiweka kikapuni, na akaniambia bila kunitazama, "Alhamisi, saa nane."

Nyumbani nilimwambia mke wangu naumwa na mkono. Aliweka sufuria chini. Akaja akanibana kidole gumba kwa kucha zake, kwa nguvu, na nilipopiga kelele akakaa palepale sakafuni jikoni, akalia. Nilitaka kumwambia kitu kizuri na sikujua jinsi ya kukianza. Nikamwambia, "Siku ile ya Kanyakine hukuchelewa." Alielewa.

Nilirudi Alhamisi. Ilinichukua Alhamisi sita kuirudisha ile duara mahali pake. Haikukaa vizuri. Inaonekana kabisa kwamba ilikatwa na kurudishwa, na imeinuka kidogo upande mmoja, na kwenye blanketi ile nzima hicho ndicho kipande kibaya zaidi. Yule mama hakukiondoa. Chai nilianza kupewa Alhamisi ya tatu, bila mkate.

Sasa, najua mnachongoja. Watu wanapenda ushuhuda umalizike watu wamekumbatiana. Nilimwomba msamaha, ndiyo. Nilimwomba mbele ya wote, nilisimama bila fimbo ili nionekane. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Sijakusamehe, Fundi. Nikikusamehe nitakuambia. Kaa, tumechelewa." Huu ni mwaka wa tatu na hajaniambia. Ananiwekea uzi, ananipa upande wangu wa fremu, nikikosea anafumua na wembe wake. Nyumbani kwake sijawahi kukaribishwa. Mama yake aliyebeba ndengu alishafariki, kwa hivyo yule siwezi kumwomba chochote.

Mkono wangu ni huu. Tazameni. Unashika sindano, unashika kikombe, unafunga kifungo. Mkasi haujakubali na daktari anasema hautakubali. Suti sitashona tena. Wanaume wenzangu huko mjini wananiita "mama viraka", na mmoja alinitumia kipande cha suruali yake ya ndani nikishone kwenye blanketi. Nilimtukana vizuri sana, kwa hivyo mnaona sijakuwa malaika.

Namshukuru mke wangu, ambaye yuko pale nyuma na hataki nimwonyeshe kwa kidole. Namshukuru dada wa mazoezi. Nawashukuru wale akina mama tisa, pamoja na yule aliyesema nilikula zamani. Namshukuru Mungu, ingawa njia aliyotumia sikuipenda. Na nyinyi mnaoficha mikono, ninalowaachia ni hili: msingoje watu wawapende ndipo muanze kujaribu. Wengine hawatawapenda, na wana sababu. Nendeni hivyohivyo, mkashike hiyo sindano. Na kama kuna mtu mlimtendea vibaya mkiwa na nguvu, msidhani ugonjwa umeshalipa. Mimi nilidhani hivyo. Kiharusi hakikujua chochote kuhusu yule mama.

Nimalizie. Jumatatu nilimwendea akiwa anaanika nguo nikamwambia nimealikwa kusema hapa leo, na kama angependa kuja. Hakutaka. Nikamwuliza kama naweza kusimulia yaliyotokea bila kumtaja jina. Aliendelea kuanika mpaka beseni likaisha.

"Simulia," akasema. "Lakini nimekusikia ukisimulia hii hadithi. Kila mara unasema 'yule mama.' Watu wanafikiri ulimpiga mama mzima. Ukifika huko, waambie nilikuwa na umri gani."

Alikuwa na miaka kumi na saba.